Je, Wajua? Mgeni Njoo, Gulfton Ipone

Je, wajua kwamba kuna wakati mjini Houston ulikuwa ukipanga fleti unapewa na deki ya video bure? Ni miaka ya 1980, deki bado ni kitu cha kuita majirani waje kuangalia, na mfanyabiashara Michael Pollack alikuwa akitokea mwenyewe kwenye televisheni kuwanadia watu fleti za Colonial House: njoo upange, deki yako inakungoja. Baba mwenye nyumba hagawi deki kwa mapenzi. Ukimwona anagawa, jua vyumba vimelala vitupu na benki inagonga mlango.

Mtaa wenyewe unaitwa Gulfton. Uko kusini-magharibi mwa Houston, nje kidogo ya barabara ya mzunguko ya 610, ukipakana na mji mdogo wa Bellaire na barabara kuu ya 59. Leo ni miongoni mwa mitaa yenye msongamano mkubwa wa watu kuliko yote Houston, na ukisimama kituo cha basi Hillcroft asubuhi, utasikia Kihispania, Kiarabu, Kidari, na usishangae ukisikia pia, nyuma yako, mama akimwambia mwanawe, "Fanya haraka, tumechelewa."

Je, wajua kwamba mtaa huu haukujengwa kwa ajili ya akina mama na watoto? Fleti zake nyingi zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, mafuta yalipokuwa yanamwaga pesa Texas. Viwanda vya majimbo ya kaskazini vilikuwa vinafungwa, na vijana wa huko wakamiminika Houston kutafuta kazi. Wajenzi wakawawekea mabwawa ya kuogelea, viwanja vya tenisi na kumbi za disko. Shule, bustani za watoto na njia za waenda kwa miguu? Za nini? Majengo mengi yalikuwa hayapokei kabisa mpangaji mwenye mtoto.

Na wajua kwamba mwaka 1988 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya makazi, likapiga marufuku kumkatalia mtu nyumba kwa sababu ana watoto? Sheria ilianza kutumika Machi 1989. Naikumbuka kila ninapomsikia dalali wa Kariakoo au Eastleigh akisema "mwenye nyumba hataki wenye watoto" bila hata kupepesa macho. Ila Gulfton, sheria ilipofika, njaa ilikuwa imeshatangulia: wenye nyumba walikuwa wamejifunza kupenda watoto wa watu kwa lazima.

Njaa hiyo ilitoka wapi? Pipa la mafuta ghafi lililouzwa kwa zaidi ya dola 30 mwaka 1981 lilishuka hadi karibu dola 10 mwaka 1986. Kati ya mwaka 1982 na 1987 Houston ilipoteza ajira zaidi ya 200,000. Vijana wa disko wakafunga mabegi wakarudi makwao. Wengine, husimuliwa, hawakusubiri hata kuaga: ufunguo mezani, mlango wazi.

Je, wajua kwamba benki 425 za biashara zilianguka Texas kati ya mwaka 1980 na 1989? Na kati ya benki 10 kubwa za jimbo hilo, 9 hazikufika salama. Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapoumia maradufu. Wateja wameondoka, na aliyekuwa akimkopesha naye ameondoka.

Na hili je? Mwanasiasa John Connally aliwahi kuwa gavana wa Texas na waziri wa fedha wa Marekani. Ndiye aliyekuwa ndani ya gari pamoja na Rais Kennedy siku alipouawa, mwenyewe akajeruhiwa kwa risasi. Baada ya siasa akaingia kwenye biashara ya majumba na ardhi, akakopa kwa kuamini kwamba mafuta hayashuki. Mwaka 1987 alitangaza kufilisika. Januari 1988 vitu vya nyumbani kwake vikapigwa mnada Houston, watu wakapanga foleni kununua alichokuwa akikalia na alichokuwa akilia chakula. Waziri wa fedha wa zamani wa taifa tajiri kuliko yote! Muuza nguo za mtumba akishindwa kutabiri soko, asijichape sana.

Sasa msomaji wa Dar es Salaam, tulia hapa kidogo. Je, wajua kwamba dhiki yetu na neema yao zilikuwa pande mbili za sarafu ileile? Miaka ya 1979 hadi 1981, Houston ilipokuwa inajenga ghorofa juu ya ghorofa kwa bei nzuri ya mafuta, ni bei hiyohiyo iliyokuwa inanyonya fedha za kigeni za Tanzania, nchi iliyokuwa imetoka kwenye vita vya Kagera na mifuko mitupu. Foleni za sukari, sabuni ya magendo, magari binafsi kuzuiwa barabarani Jumapili mchana ili kuokoa petroli: wazee wanakumbuka. Kisha mwaka 1986 bei ikaporomoka. Houston ikalia. Dar ikapumua kidogo, na mwezi Agosti mwaka huohuo serikali ya Mzee Mwinyi ikatia saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Soko la mafuta halijawahi kufanya harusi bila kufanya matanga nyumba ya pili.

Na wajua kwamba daladala ni mtoto wa dhiki hiyo? Mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, yalikuwa yamekwisha kwa kukosa vipuri. Wenye magari binafsi wakawa wanabeba abiria kwa kificho, mpaka mwaka 1983 serikali ilipowaruhusu rasmi. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mtaani iliitwa "dala", kwa jina la dola. Konda akaita, "Dala, dala!" Basi. Biashara binafsi kubwa kuliko nyingi nchini ikapata jina lake kutokana na kilio cha konda na sarafu ambayo leo hainunui hata pipi.

Turudi Gulfton, maana hapa ndipo penye kiini. Je, wajua wenye fleti walifanya nini deki ziliposhindwa kujaza vyumba? Walibadilisha mteja. Watu waliokuwa wanakimbia vita vya El Salvador na Guatemala walikuwa wanaingia Houston kwa maelfu, hawana historia ya mikopo benki, wengine hawana hata hati za ukaazi. Mwaka 1978 wangefukuzwa getini. Mwaka 1986 getini palibandikwa tangazo la Kihispania, kodi ikashushwa, maswali yakapunguzwa. Waswahili walishasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijapata kuona mahali methali hiyo ilipotimia kihalisia, kwa hesabu za dola na senti, kama pale.

Lakini tusiwavishe taji. Wengi walikusanya kodi wakaacha mapaa yavuje. Familia tatu zilibanana kwenye fleti iliyojengwa kwa ajili ya kijana mmoja na gitaa lake. Magazeti yakaubandika mtaa jina baya, "geto la Gulfton", na jina likaganda. Kupona kwa mwenyeji ni jambo moja. Afya ya mgeni ni jambo jingine.

Harakaharaka sasa.

Je, wajua kwamba maduka ya Fiesta Mart, ambayo leo ukiyataja Houston kila mhamiaji anajua unachosema, yalianzishwa mjini humo mwaka 1972 kwa kuwalenga wanunuzi wa Kilatino ambao maduka makubwa mengine yalikuwa hayawaoni? Mizizi ya muhogo, ndizi mbichi za kupika, pilipili za kila ukali. Mwafrika Mashariki anaingia kutafuta muhogo anatoka na toroli limejaa.

Je, wajua kwamba kampuni ya kompyuta ya Compaq ilizaliwa Houston Februari 1982, wakati mji unaanza kuteleza? Waanzilishi wake watatu walichora kompyuta yao ya kwanza nyuma ya karatasi ya mezani katika mgahawa wa House of Pies. Mwaka 1983 waliuza kompyuta za dola milioni 111. Karatasi ya mgahawa, jamani.

Je, wajua kwamba Jim McIngvale alifungua duka lake la samani, Gallery Furniture, mwaka 1981 kwa dola 5,000? Mafuta yaliposhuka alijirusha kwenye televisheni, akapayuka kama mpiga debe wa Ubungo, akichomoa noti mfukoni kuonyesha jinsi utakavyookoa pesa. Wenye adabu zao walicheka. Duka lipo.

Je, wajua kwamba mwaka 1972 shirika la ndege la Southwest, lililokuwa likiunganisha Dallas, Houston na San Antonio, lilikuwa na ndege nne na likalazimika kuuza moja ili liweze kulipa gharama? Hawakupunguza safari hata moja. Waliamua ndege ikitua ishushe, ipakie na iondoke ndani ya dakika 10, na ndege tatu zikafanya kazi ya nne. Kila konda wa Mbagala angewaambia hilo bila kudai ada ya ushauri.

Je, wajua kwamba mwaka wa fedha 2016 Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi kuliko kutoka nchi nyingine yoyote, hata Syria? Wengi walikuwa wametoka kambi za Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, na Kiswahili chao kimebeba vumbi la kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyopokea wengi, na kusini-magharibi mwa Houston ni mmoja wa milango yao. Dallas wana mtaa wao wa namna hiyo, Vickery Meadow. Gulfton ikapata wageni wa awamu nyingine, na wageni wakahitaji unga wa muhogo, dagaa, sombe (kisamvu) na vitenge. Pana mahitaji, pana duka.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2011 kuna shirika Houston, Plant It Forward, linalowasaidia wakimbizi, wengi wao Wakongo, kulima mboga ndani ya jiji na kuziuza? Sehemu ya mauzo huenda kwa watu wanaojiandikisha kuchukua kapu la mboga kila baada ya muda. Kwa mkulima, mteja aliyekwisha kujiandikisha ni afadhali kuliko mgahawa unaoweza kufungwa kesho. Lenga lenga, yaani mchicha, linaota vizuri sana kwenye joto la Houston, ambalo mtu wa Tanga hatalilalamikia.

Hapa sasa tuvute kiti. Je, wajua kwamba benki inayotumika sana katika mitaa kama Gulfton haina jengo, haina leseni na haina hata bango? Watanzania wanaiita upatu au mchezo. Wakongo, likelemba. Wakenya, chama. Wasomali wanasema ayuuto au hagbad, Waethiopia equb, Wahindi na Wapakistani "kamiti", na Wameksiko tanda. Watu wa mabara matatu wamefika Texas na kukuta kila mmoja amekuja na kitu kilekile kwenye begi.

Hesabu yake haina siri. Watu 10, kila mmoja dola 200 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba 2,000. Anayebeba mwanzo amekopeshwa bila riba. Anayebeba mwisho ameweka akiba bila faida. Mwenye duka ambaye jokofu limekufa Jumanne humpigia kijumbe, msimamizi wa mchezo, simu kuomba zamu yake isogezwe mbele, na kijumbe humbembeleza aliyekuwa anafuata. Hakuna benki itakayokufanyia hivyo kwa simu moja, usiku, tena kwa kuanza na "habari za watoto?". Linganisha na mkopo wa haraka wa madukani huko Texas, ambao riba yake ukiihesabu kwa mwaka inaweza kuvuka asilimia 400.

Ubovu wake nao utajwe. Kuna anayebeba zamu ya kwanza kisha anahamia jimbo jingine na kubadilisha namba ya simu. Ndiyo maana wapya huwekwa mkiani. Na kuna hasara isiyoonekana: unaweza kulipa mchezo miaka 10 bila kuchelewa hata siku moja, na mbele ya benki ukabaki mtu asiyejulikana, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika malipo hayo popote. San Francisco kuna shirika, Mission Asset Fund, linaloendesha michezo ya aina hii kwa maandishi na kupeleka taarifa za malipo kwa wanaotunza rekodi za mikopo. Kijumbe mwenye kompyuta, kwa ufupi. Wazo hilo linastahili kuibwa.

Je, wajua kwamba tarehe 20 Aprili 2020, mkataba wa mafuta ghafi ya Texas ulifungwa kwa bei ya dola 37.63 chini ya sifuri? Yaani muuzaji ndiye alimlipa mnunuzi amwondolee mafuta. Dunia ilikuwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, matangi yamejaa, na Houston ikikumbuka mwaka 1986.

Na wajua kwamba fungu la kwanza la msaada wa serikali kwa biashara ndogo, mpango wa PPP, dola bilioni 349, lilikauka ndani ya siku 13? Liliisha tarehe 16 Aprili 2020. Benki nyingi zilianza na wateja wao wa siku zote, kwa hiyo mwenye saluni asiye na ofisa wa benki anayemjua kwa jina alifika sufuria imeshakombwa. Februari 2021 utaratibu ulirekebishwa: biashara zenye wafanyakazi chini ya 20 zilitengewa wiki mbili za peke yao, na wakaazi halali wanaolipa kodi kwa namba ya ITIN, bila namba ya hifadhi ya jamii, wakaruhusiwa kuomba. Kwa wengine ilikuwa kupewa mwavuli mvua imekatika.

Je, wajua kwamba Machi 2020 gavana wa Texas aliruhusu migahawa kuuza vyakula visivyopikwa? Mgahawa ambao ukumbi wake umefungwa uliweza kuuza mchele, mayai na nyama kwa wateja wake, kutoka stoo ileile. Mgahawa ukawa duka. Mwenye hoteli ya Kiswahili asingeona ajabu, kwake mpaka huo haujawahi kuwepo.

Je, wajua kwamba nchini Marekani kuna sehemu ya sheria ya ufilisi iliyotungwa mahususi kwa biashara ndogo? Ilianza Februari 2020, wiki chache kabla ya korona, kana kwamba kuna aliyeota. Mwenye biashara anabaki na biashara yake na kuwalipa wanaomdai kwa miaka mitatu hadi mitano, kulingana na anachoingiza. Wakubwa nao hawakukosa: Mei 2020 Neiman Marcus, maduka ya kifahari ya Dallas, yaliomba kinga ya ufilisi katika mahakama ya Houston. Kufilisika huko ni utaratibu wa sheria wenye fomu na tarehe. Kwetu bado ni aibu ya ukoo, na aibu hiyo huwafanya watu wachelewe mpaka hakuna cha kuokoa.

Je, wajua kwamba ukiuza kitu kinachotozwa kodi Houston unakusanya kodi ya mauzo ya asilimia 8.25? Kubwa ni kwamba pesa hiyo si yako hata kwa dakika moja. Inalala kwenye droo yako tu. Mwezi ukiwa mbaya, ndiyo pesa ya kwanza kunong'ona, na ndiyo deni baya kuliko yote kudaiwa.

Je, wajua kwamba dereva anayemiliki lori lake mwenyewe, kazi ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wameikimbilia Dallas na Houston, mara nyingi huuza ankara yake? Amepeleka mzigo, atalipwa baada ya siku 30 au zaidi, lakini dizeli ni ya leo. Mwaka 2022 galoni ilivuka dola 5. Basi huiuzia kampuni ile ankara kwa pungufu ya asilimia chache na kupata pesa upesi. Asilimia chache kwa kila safari, kwa mwaka mzima. Wenye akili huitumia kama dawa ya maumivu: siku mbaya tu.

Je, wajua kwamba Februari 2021 baridi kali ilikata umeme kwenye nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 Texas, na Julai 2024 kimbunga Beryl kikawaacha gizani wateja zaidi ya milioni 2.2 wa kampuni ya umeme ya Houston? Duka la Kiafrika lenye majokofu matatu ya samaki linaweza kupoteza mtaji wa miezi kwa siku mbili. Waliookoka walikuwa na jenereta, au walikuwa wameweka pesa yao zaidi kwenye unga, maharage na dagaa. Dagaa hawajui habari za umeme.

Je, wajua kwamba tarehe 20 Januari 2025 amri ya rais ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi Marekani? Kwa mtaa ulioponea kwa mgeni, hilo nalo ni anguko la soko, hata kama halihesabiwi kwa mapipa. Mwenye duka la vitenge aliyezoea sura mpya kila mwezi sasa anahudumia zilezile.

La mwisho, kwa dada na shangazi wanaouliza. Je, wajua kwamba Texas inakuruhusu kupika jikoni kwako na kuuza bila leseni ya mgahawa? Sheria ilipitishwa mwaka 2011, ikalegezwa 2019 kuingiza karibu kila chakula kisichohitaji jokofu, na tangu Septemba 2025 kiwango cha juu cha mauzo kwa mwaka kimepandishwa kutoka dola 50,000 hadi 150,000. Unatakiwa uwe na cheti cha mafunzo ya usafi wa chakula, na pakiti iwe na lebo. Maandazi ya iliki, ruksa. Visheti, ruksa. Sambusa za nyama, bado.